Jina la Fundi Kwenye Daftari la Vifo

"Mama, umekaa?"

"Nimekaa," nilimdanganya.

Nilikuwa nimesimama mbele ya mashine ya fotokopi, simu nimeibana kwa bega, na mteja ananikodolea macho kwa sababu nakala za cheti chake zimetoka nyeusi tii. Binti yangu ni karani wa vizazi na vifo. Watu wa kazi ile hawakuulizi kama umekaa ila pana jambo.

"Majibu yamekuja kutoka ng'ambo, kule kwenye hifadhi ya nyaraka."

"Wamempata?"

"Wamempata mtu."

"Mtu gani? Baba yako au si baba yako?"

Nikasikia mihuri ikigongwa ofisini kwake.

"Nakutumia picha ya ukurasa. Isome ukiwa peke yako. Na tafadhali, Mama, usivuke barabara kabla hujanipigia."

Kuvuka barabara maana yake ni kwenda kwa Fundi, fundi baiskeli, mwanaume niliyekuwa nimekubali kuolewa naye. Sasa Fundi anahusikaje na majibu ya ng'ambo? Nilimrudishia mteja wangu pesa yake, nikamwomba radhi, nikageuza kibao cha mlangoni kisomeke "Nimefunga". Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mume wangu aliondoka miaka thelathini na moja iliyopita, binti yetu akiwa bado anapiga mateke tumboni. Alikwenda ng'ambo kufanya kazi kiwandani. Zikaja barua mbili tamu, zote hazina anwani ya kurudishia majibu, kisha kimya. Mwanzoni nililia. Baadaye nikakasirika, na hasira ilinifaa kuliko machozi, kwa sababu ndiyo iliyonifungulia duka. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba amepata mwanamke huko na amenisahau. Nilimsema vibaya mume wangu kwa wateja, kwa majirani, hata peke yangu nikibadilisha wino wa mashine.

Fundi alikuwa rafiki yake tangu ujana. Yeye ndiye aliyeziba paa langu lilipovuja na kumfundisha binti yangu kuendesha baiskeli, na miaka yote hiyo hakuwahi kunitamkia neno la mapenzi. Mpaka miezi sita iliyopita, akiwa anakaza spoku za gurudumu, aliponiuliza bila hata kuinua kichwa, "Mama Fotokopi, tuoane?" Nikamwambia amechelewa mno. Halafu nikakubali.

Ofisi ya ndoa ilitaka moja kati ya mawili: talaka au cheti cha kifo. Wakili mmoja akanishauri niende mahakamani, mume wangu atangazwe marehemu. Nilikataa. Sikutaka kumzika mtu kwa kujaza fomu, halafu siku moja nisikie hodi.

Ndipo binti yangu alipoanza kuandika barua ng'ambo. Majibu matatu yalirudi, yote yakisema hakupatikana. Hayumo kwenye orodha za abiria, hayumo kwenye ndoa, hayumo kwenye vifo. Jioni moja, tukinywa chai dukani, mimi na yeye na Fundi, binti yangu akasema kwamba kazini kwao, jina likikataa kuonekana, humwacha aliyeondoka wakamtafuta aliyebaki.

"Kwenye daftari la vifo kuna mstari wa mwenzi wa marehemu," alisema. "Nitawaomba waliache jina la baba. Watafute la kwako, Mama."

Fundi hakumaliza chai yake. Alisema ameacha tairi kwenye beseni la maji, akaondoka, na tangu siku ile hakurudi kunywa chai. Nikivuka, yuko chini ya baiskeli. Nikipiga simu, mikono ina grisi. Wiki tatu nzima sikutulia. Nilizunguka dukani kama niliyepoteza funguo, nikatoa nakala mbilimbili za vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Nilishaamua moyoni kwamba kuna mwanamke, na nilimjua: yule mwalimu ambaye baiskeli yake haikosi pancha.

Basi picha ikaingia. Mimi jambo la maana silisomi kwenye simu, kwa hiyo niliichapa kwenye karatasi kubwa. Maandishi ya kigeni, mwandiko wa kalamu ya wino, na binti yangu ameandika tafsiri chini ya kila mstari.

Tarehe: miezi saba baada ya mume wangu kuondoka. Mahali: hospitali. Sababu: homa ya mapafu. Mtoa taarifa: mwenzake wa chumba. Hali ya ndoa: ameoa. Mke: mimi, majina yangu yote mawili na mji niliozaliwa.

Jina la marehemu lilikuwa jina la Fundi. Lake, la baba yake, na la babu yake.

Sikumpigia binti yangu. Nilivuka barabara.

Fundi alikuwa amepindua baiskeli, magurudumu juu.

"Fundi," nilisema, "wewe umekufa lini?"

Aliutazama ule ukurasa bila kuushika. Akaweka spana chini, akafuta mikono kwa tambara, akaifuta tena.

"Kumbe alikufa," alisema taratibu.

Akaketi juu ya sanduku la vifaa na machozi yakamtoka, mtu mzima wa miaka hamsini na minane. Hapo nikajua kwamba hilo la kifo hakuwa akilijua. Lakini lipo jingine alilolijua.

"Sema," nilimwambia. "Na usiruke kitu."

Akasema. Kazi ile ya kiwandani aliipata yeye. Pasi ilitoka kwa jina lake, tiketi kwa jina lake. Wiki ya safari, mama yake akazidiwa, akashindwa kumwacha. Mume wangu hakuwa na kazi, na mimi nilikuwa na mimba. Wakakaa wawili wakatazama picha ya kwenye pasi, na kwa picha za siku zile, kila kijana mwenye masharubu alikuwa mtu yuleyule. Mume wangu akaondoka kwa jina la rafiki yake. Waliapizana kutoniambia, nisije nikahojiwa.

"Ndiyo maana barua hazikuwa na anwani," nilisema.

"Asingeweza kuandika jina lake nyuma ya bahasha."

"Na aliponyamaza?"

"Nilidhani amekamatwa. Halafu nikadhani ameamua kuwa mimi moja kwa moja, ameanza maisha mapya na jina langu. Niliogopa jela, sikufichi."

"Hiyo ni miaka miwili ya mwanzo. Na iliyobaki?"

Akainamisha kichwa.

"Mwaka wa tatu nikaanza kukupenda. Hapo ndipo mdomo ulipofungwa kabisa. Ningesema, ungeniuliza kama nilimsafirisha mumeo ili nikupate. Ningekujibu nini?"

"Ungenijibu hapana."

"Ungeniamini?"

Nami nilikuwa na swali langu.

"Mwenzake wa chumba alilijua jina langu, Fundi. Alijua hata mji niliozaliwa. Alilijuaje kama mume wangu hakuwa akinitaja? Nimemtukana miaka thelathini na moja mtu aliyekufa akinitaja. Wewe ulikuwa unanisikia nikimtukana. Ulikaa hapo unakunywa chai yangu na unanisikia. Neno moja tu lingetosha, tukamtafuta kwa jina lako."

"Najua."

"Hujui."

Nikarudi kwangu. Ule mkono ulioshika karatasi ulikuwa na alama ya grisi, sijui niligusa wapi, na haikutoka kwa sabuni.

Binti yangu alikuja, tukaomboleza wawili. Aliniambia watu wa hifadhi wameeleza pia kwamba taarifa ya kifo ilitumwa kwa anwani ya wazazi wa marehemu, yaani nyumbani kwa Fundi. Ilirudi imeandikwa "hawajulikani". Mama yake Fundi alikuwa amefariki, Fundi amehama, na nyumba ina wapangaji. Binti yangu alimlilia baba ambaye hakuwahi kumwona, na mimi nilimlilia kijana wa miaka ishirini na sita, aliyekuwa mdogo kuliko binti yake alivyo sasa. Nilimwomba msamaha kwa sauti, chumbani, mlango wazi.

Siku ya nne simu ikalia. Ujumbe wa Fundi.

"Sikuombi unisamehe. Naomba ule chakula tu."

Nikamjibu: "Maiti hatumi meseji."

Hakuandika tena. Kesho yake kibanda chake hakikufunguliwa. Wala keshokutwa. Yule mwalimu akaja dukani kwangu akikokota baiskeli, akaniuliza kwa adabu kama najua Fundi yuko wapi, maana mnyororo umekatika. Nikautazama. Kweli umekatika. Nikaona aibu, nikampa kiti na maji ya kunywa.

Na mimi nikawa sikai. Kila dakika niko mlangoni natazama ng'ambo ya barabara. Hasira bado ninayo, lakini macho hayaulizi ruhusa. Nilikuwa nimempoteza mwanaume mmoja kwa kutojua aliko. Sasa nilikuwa nampoteza wa pili, na huyu nilimfukuza mwenyewe.

Siku ya tisa simu ikalia tena.

"Mama, umekaa?"

Nikavuta kiti, nikakaa kwelikweli. "Sema."

"Fundi yuko hapa ofisini. Ameleta kiapo kilichoandikwa na wakili. Ameeleza yote, pasi, tiketi, majina. Anataka kipelekwe ng'ambo, baba arudishiwe jina lake kwenye daftari."

"Nani amemwambia afanye hivyo?"

"Hakuna. Mkuu wetu amemwonya kwamba karatasi hii inaweza kumfikisha polisi. Amesema anajua, ameshafunga kibanda." Akashusha sauti. "Lakini wanataka shahidi, Mama. Mtu aliyemfahamu kwa jina lake kabla ya mwaka wa safari. Wazazi wake hawapo. Hana mwingine."

Sikumbuki kama nilifunga duka.

Nilimkuta kwenye benchi, bahasha magotini. Mikono yake ilikuwa safi, hata kucha, na sijapata kuiona hivyo tangu nimfahamu. Nikakaa upande wa pili wa benchi.

"Kwa nini hukuniambia unakuja?"

"Ningekuambia, ungeona nakuja kununua msamaha."

"Na wakikupeleka ndani?"

"Mwenzangu amelala miaka yote hii chini ya jina ambalo si lake," alisema. "Miezi michache si kitu."

Nikamtazama. Bado nilitaka kumpiga, na nilitaka pia kumwuliza kama amekula. Nikamwuliza la pili. Hakuwa amekula tangu jana.

"Sijamaliza kukukasirikia," nilimwambia.

"Sina haraka."

"Na kwa lolote kuhusu mume wangu, ukinificha tena hata jina la mbwa wake, nitakuua mwenyewe, na safari hii cheti kitakuwa cha haki."

Alicheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikacheka kidogo, kwa bahati mbaya.

Wakatuita. Kwa kuwa faili ni la baba yake, binti yangu alisogea pembeni, na mwenzake mwenye miwani ndiye aliyeuliza.

"Mama, unamfahamu mwombaji huyu?"

"Namfahamu."

"Jina lake ni hili lililoandikwa hapa?"

"Ni hilo. Hana jingine."

"Na unathibitisha kwamba yu hai?"

Nikamgeukia Fundi. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Yu hai," nilisema. "Namhitaji hivyo hivyo."

Nikaambiwa nisaini. Nikamwambia binti yangu kwamba cheti cha baba yake kikitoka, nakala ya kwanza nitaitoa mimi, kwa mashine yangu, na nitaiweka sebuleni watu waione. Akaitikia kwa kichwa. Fomu ilikuwa na mstari mmoja umebaki: uhusiano wa shahidi na mwombaji. Nilishika kalamu muda mrefu mpaka karani akakohoa. Kisha nikaandika: mchumba.

Karani akasoma, akachukua ule ukurasa wa ng'ambo, akalinganisha, akavua miwani.

"Lakini mama, huku umeandikwa mke wake."

"Kosa hilo wasilisahihishe sana," nilisema. "Wamewahi tu."