Mbwa Aliyetoka Bandarini

Kila asubuhi kabla ya shule, Conjesta, au Konje kama wengi walivyomwita, alimsaidia mama yake kubeba chupa za chai na beseni la maandazi hadi kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Madereva wa Zambia walimwita mama yake bamayo, yaani mama kwa lugha yao, wale wa Dar es Salaam walimwita Mama Konje, na wote walilalamika kwamba tangawizi ni kidogo, kisha wakaomba kikombe cha pili.

Mwaka ule darasa la sita la shule yao, pale Chapwa mjini Tunduma, lilifanya urafiki na shule moja ya Ureno iliyo karibu na bahari. Mwalimu Anyitike aliunganisha kompyuta na projekta, na watoto wa huku na wa kule wakaonana ukutani. Kazi yao ilikuwa kuelezana habari za bahari na za wanyama wanaofugwa nyumbani. Watoto wa Ureno walionyesha mawimbi na kaa, kisha wakaonyesha mbwa wao, wanaolala kitandani na kubusiwa puani.

"Mbwa ana godoro lake," Jastin alinong'ona, "na mimi nagombea mkeka na wadogo zangu."

Darasa zima likaangua kicheko hadi mwalimu akagonga meza. Mbwa wa Tunduma hulinda nyumba, hulala nje, na hakuna anayembeba kama mtoto mchanga. Lakini Konje hakucheka. Kwao kulikuwa na kuku na mbuzi mmoja tu, na bahari hajaiona hata kwa mbali. Angewaambia nini wale watoto?

Uongo haukosi mlango. Kwenye foleni, chini ya lori lililotoka bandarini, alikuwapo mbwa mdogo wa rangi ya kahawia ambaye matingo, wale wasaidizi wa madereva, walimtupia makombo ya ugali. Hakuna aliyejua katokea wapi. Konje alimpiga picha kwa simu ya mama yake, akaipeleka darasani, akasema huyo ni mbwa wake, anaitwa Bandari, na amesafiri na lori kutoka baharini. Kule Ureno walishangilia. Msichana mmoja, Ines, akaomba siku ya kuonana tena Bandari aletwe ili wamwone akicheza. Mwalimu akakubali.

Basi Konje akaanza kumzoeza. Jioni moja alimkuta amebadilika. Mate yalimchuruzika, miguu ya nyuma iliyumba, na maandazi hakuyagusa. Konje akadhani ni njaa iliyozidi. Akamkumbatia kifuani kama alivyoona wenzake wa Ureno wakifanya, na mbwa akamng'ata kidole gumba.

Rafiki yake Nesta alikuwapo. Alimshauri apake mafuta ya taa na kufunga kitambaa, kwa kuwa ndivyo alivyosikia watu wakifanya. Konje akamwapisha asiseme. Nyumbani mama aliuliza kidole kina nini. Konje akajibu kwamba kisu cha kumenyea viazi kilimteleza. Mama akamtazama kidogo, kisha akageukia jiko lake. Siku chache baadaye tingo mmoja akamwambia Konje kwamba yule mbwa amekufa.

Siku ya kuonana ikafika. Konje alisema Bandari anaumwa, yuko nyumbani. Ines akasikitika, akauliza jambo, na mwalimu akalitafsiri: je, Bandari amechanjwa? Kwao, Ines alisema, hakuna anayemshika mnyama kabla ya kujua kama amechanjwa kichaa cha mbwa.

Mwalimu Anyitike aliona darasa limezubaa, akaeleza. Ugonjwa huo huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa, na dalili zikishajitokeza kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Lakini akichomwa sindano mapema, anapona hata kabla ya kuugua.

Nesta alikuwa akikitazama kidole cha Konje, machozi yakimlengalenga. Konje akasimama. Watoto wa Ureno walikuwa wanamwona, na darasa lake lote pia.

"Mwalimu, Bandari si mbwa wangu. Ni wa kwenye foleni. Amening'ata, na amekufa."

Hakuna aliyecheka, hata Jastin. Mwalimu alimpeleka bombani, akamwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu, huku akimpigia mama simu. Mama alikuja na aproni yake kiunoni, chai akiwa ameiacha mikononi mwa madereva. Wakapanda bodaboda hadi hospitali. Njiani mama alimshika Konje kwa nguvu hadi mbavu zikamuuma.

"Mmechelewa," nesi alisema, "lakini hamjachelewa kupita kiasi." Akamchoma sindano ya kwanza, akapanga siku za nyingine, akaonya asiruke hata moja.

Bwana mifugo alipopata habari, alikuja shuleni na chanjo. Watoto walileta mbwa kwa kamba, wengine wakiburutwa na mbwa wenyewe, na Konje ndiye aliyeeleza yote kwa marafiki wa Ureno. Safari hii hakuongeza chumvi. Ines alimjibu kwamba amefurahi kuwa yuko hai.

Siku ya sindano ya mwisho, mama alimkalisha Konje na Nesta kwenye benchi nje ya hospitali.

"Sikilizeni, wanangu. Mbwa usiyemjua usimshike, hata awe mdogo kama kiatu. Akikung'ata, osha kwa sabuni na maji mengi, useme siku ileile, uende hospitali. Mafuta ya taa ni ya koroboi." Akakifuta kidole cha Konje kwa ncha ya kitenge chake. "Na wewe Konje, nikikuuliza umepatwa na nini, sitafuti sababu ya kukuchapa. Nauliza ili nijue nikimbilie wapi."