Mboga za Nyuma ya Nyumba

Mimi ni mke wa mchungaji, na kunyamaza sikuumbiwa. Kwa hiyo nitasema yote, hata yale yanayoniaibisha.

Kanisa lilitutuma nchi ya mbali kufanya kazi ya umisionari. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu, na binti yetu wa miaka sita. Tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki. Mume wangu alitembelea waumini. Mimi nilifundisha kina mama kushona. Jioni tulijifunza lugha ya wenyeji, na Chiriku alitucheka, kwa kuwa yeye aliishika upesi.

Shida yetu ilikuwa hamu ya chakula cha nyumbani. Siku moja niliona mmea nyuma ya nyumba, karibu na jalala. Majani yake yalikuwa kama ya mboga ya kwetu. Jamani, nilifurahi! Sikumuuliza mtu. Ningeulizaje mboga niliyoichuma tangu utotoni? Nikapika, nikawapakulia chakula cha mchana. Mimi nilionja kidogo tu, nikaona ina uchungu, nikakimbilia darasani.

Niliporudi baada ya saa mbili, nyumba ilikuwa kimya. Nyumba yenye Chiriku haiwi kimya.

Mtoto alikuwa amekaa sakafuni. Alikuwa akichuma kitu hewani kwa vidole, polepole, kama anayechambua mchele. Mboni za macho yake zilikuwa kubwa na nyeusi tii. Mume wangu alikuwa mezani. Alikuwa amevuta kiti cha nne, kile tusichokitumia, akizungumza nacho.

"Mpe mama maji," aliniambia kwa upole. "Ametoka mbali."

Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Habari ilitufikia akiwa amekwisha kuzikwa, na mume wangu hakulia. Alisema kazi ya Bwana haingoji.

Nikamuuliza, mama yupi? Akakitazama kiti kitupu, akacheka.

"Anasema umekonda."

Hayo ndiyo maneno ambayo mama mkwe aliniambia kila tulipokutana.

Nilifunga mlango kwa komeo, nikashusha mapazia. Niliogopa, lakini aibu ilizidi hofu. Watu wangesema nini? Mchungaji aliyekuja kuwaombea, mwenyewe amerukwa na akili! Nikapiga magoti, nikaomba. Kila nilipofumba macho, nilimsikia mume wangu akijibu maswali ambayo mimi sikuyasikia. Mara akakiinamia kile kiti, kama mtu anayesikiliza, kisha akasema, "Ndiyo, mama, tutakuja."

Nikamkumbatia Chiriku. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu. Moyo wake ulikwenda mbio chini ya kiganja changu. Nilimwita, akanitazama kama hanijui. Hapo nikaona kwamba nitampoteza mtoto kwa kulinda sifa yetu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikafungua mlango, nikakimbia kumwita jirani yetu, ambaye ni muuguzi.

Muuguzi hakuuliza habari za mizimu. Alitazama macho ya mtoto, akamshika paji la uso, akauliza, "Wamekula nini?"

Nikamwonyesha majani yaliyobaki jikoni. Uso wake ulibadilika.

"Dada, hii si mboga. Ni sumu. Inakausha mdomo, inapandisha joto, inapanua mboni. Mtu anawaona wasiokuwepo."

Nilitaka kuwanywesha maziwa ili watapike. Akanishika mkono. Aliniambia nisiwatapishe, nisiwape chochote, twende hospitali wakati huohuo. Akachukua shina moja la mmea ule, daktari aujue. Njiani nililia, nikisema nilipaswa kuomba zaidi. Akanijibu kwamba maombi hayamkatazi mtu kuita muuguzi.

Siku ya pili, baada ya matibabu hospitalini, Chiriku alizinduka. "Mama," alisema, "mbona umenyamaza?" Sijawahi kusikia swali tamu kama hilo.

Mume wangu alichelewa kupata nafuu. Siku ya tatu aliniuliza mama yake ameondoka saa ngapi. Nilimweleza ukweli wote: mboga, sumu, kiti kitupu. Akageukia ukutani. Ndipo akamlilia mama yake, mwaka mzima baada ya mazishi, nami nikalia naye. Mwezi uliofuata tuliomba likizo, tukaenda kaburini.

Kabla ya kusafiri, tuling'oa mimea ile yote, mikono ikiwa na glavu, tukaifukia. Katika chumba cha darasa la kushona, muuguzi aliwakusanya wageni wote wanaoishi hapa, akawafundisha: jani la ugenini usilipike mpaka mwenyeji akuambie ni nini. Kuuliza si ujinga.

Kile kiti cha nne siku hizi anakikalia muuguzi. Kabla hajala, anafunua chungu na kuuliza, "Leo mmechuma nini?" Chiriku anamtajia kila jani kwa lugha ya huku, na hakuna anayenyanyua kijiko mpaka amalize.