Maji Hayasongwi Kama Ugali

Msimu wa mvua, malori ya mahindi yakitoka Moi's Bridge hufika Huruma yamepakwa tope hadi madirishani. Tope hilo ndilo lililowalisha Nangila na mumewe Wasike. Walikuwa na pampu, brashi na uwanja wa kuoshea magari, na wateja hawakukosekana.

Shida ilikuwa maji yakishatumika. Yalishuka mtaroni, yakaingia kwenye sukuma wiki ya jirani yao, Wangeci. Wangeci alivumilia weee, mwishowe akachoka. Akamwita afisa wa afya, Mideva. Naye akasema maji yale yakionekana tena mtaroni, kazi itafungwa. Nangila aliumia moyoni. Kazi ilisomesha watoto wake, na Wangeci ndiye aliyemtunza alipojifungua.

Wasike akachimba shimo, akalitandika plastiki ngumu, maji yakakusanyika humo. Lakini tope laini halikutua. Maji yalibaki na rangi ya chai ya maziwa. Wakaambiwa watumie shabu, lile jiwe jeupe la kutulizia maji ya mto. Nangila akajaza pipa maji ya shimoni, akamwaga kopo zima la shabu, akashika mwiko mrefu.

Mama huyu alilelewa kwa ugali wa nguvu. Kwao, anayeacha kusonga mapema ni mvivu, na ugali wake una madonge. Basi akasonga pipa mpaka jasho likamtoka. Wapi! Akaongeza shabu, akasonga tena.

Mideva aliporudi kukagua alimkuta bado anasonga. Akamtazama kidogo.

"Mama, unatafuta nini humo?"

"Naondoa madonge."

"Basi hapo ndipo unapoharibu. Sisi tunataka madonge."

Akaomba chupa tupu za plastiki, akazijaza maji ya shimoni. Shabu akaiyeyusha kwanza kwenye maji safi. Akatia kidogo katika chupa moja, zaidi kidogo katika nyingine, na nyingi katika ya mwisho. Alieleza kwamba chembe za tope husukumana, ndiyo maana hazitui. Shabu huzifanya zishikane. Unakoroga haraka kwa muda mfupi ili dawa ienee, kisha polepole ili chembe zikutane, kisha unaacha. Ukizidisha kusonga, unavunja kilichoshikana.

Akazitikisa hivyo hivyo, akaziacha. Katika chupa ya katikati vikatokea vipande kama maziwa yaliyokatika, vikashuka. Maji ya juu yakang'aa. Chupa yenye shabu nyingi ilibaki na ukungu.

"Kumbe dawa ikizidi pia ni hasara," Nangila akasema.

Mideva akakubali. Akamwonya apime upya kila maji yanapobadilika, na asiruhusu mtu kuyanywa. Ni ya kuoshea magari tu. Tope la chini likaushwe na kupelekwa atakapomwonyesha, lisirudi mtaroni. Oili nayo isiingie shimoni.

Kesho yake wakajaza pipa jingine, wakafuata kipimo cha ile chupa ya katikati, wakakoroga kama walivyoelezwa. Wasike akanyoosha mkono kuchukua mwiko.

"Wacha," Nangila akasema. "Yaache yatulie."

Akaketi, mikono mapajani. Kukaa bure kulimchosha kuliko kusonga. Lakini maji yaling'aa, na lori la jioni likaoshwa nayo.

Wangeci alipita, akatazama mtaro. Ulikuwa mkavu. Akarudi kwake, akaja na kifungu cha sukuma wiki.

"Sasa songa ugali," akasema. "Mboga ni hii."