Kadi Iliyokataa Kulala Kifudifudi

Mara ya kwanza mchapaji alidhani ni feni iliyoifunua ile kadi, akaigeuza ikalala kifudifudi kama nyingine. Mara ya pili akaizima feni. Mara ya tatu hakuna aliyekuwa karibu nayo. Walikuwa wakimimina chai, na walipogeuka, uso wa kadi ulikuwa ukiwatazama tena.

"Marehemu huyu hana adabu," alisema dada yake, ambaye nyumbani walimwita Redio kwa sababu hazimiki. "Tumemzika, anafukuka."

"Umemzika bila kifo, wifi," alisema mke wa mchapaji, mikono juu ya mimba ya miezi minane. "Shida umempa, kufa hujamfisha."

Ndivyo mchezo ulivyokuwa. Waliubuni wenyewe katika chumba cha nyuma cha duka la uchapaji, na walitumaini kuuuza. Kila mchezaji hupewa ukoo wa watu sita, akawarundikia mikosi, na kila mkosi husimuliwa mpaka wenzake wacheke. Mwenye ukoo wenye balaa kuliko koo zote ndiye mshindi. Ila mtu hazikwi mpaka aliyemsimulia asimulie na kifo chake. Hapo ndipo kadi hulazwa, na haifunuliwi tena.

Mchoraji hawakuwa naye. Mchapaji alichukua albamu ya mama yao akanakili sura za marehemu wa ukoo, wale wa zamani wasio na wa kuwalalamikia. Alitaka thelathini na sita, akapata thelathini na tano. Ya mwisho aliikata kwenye picha ya harusi ya mjomba: mwanamke aliyesimama pembeni kabisa, karibu na mlango, ambaye mchapaji hakumfahamu. Chini yake akachapa neno moja: Shangazi.

Jumapili hiyo Redio alikuwa amemsimulia hivi: Shangazi ni tasa, anabisha hodi kila nyumba yenye mimba, mkononi kashika kitambaa cha kubebea mtoto, anauliza, "Wangu bado?" Walicheka mpaka mjamzito akashika ubavu. Kisha chai ikaja, kifo kikasahaulika.

"Haya, nimfishe basi," alisema Redio.

Mlango wa mbele uligongwa. Mara tatu, taratibu.

"Tumefunga!" mchapaji alipaza sauti.

"Wangu bado?"

Sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka chini ya meza. Harufu ya wino ilikatika, ikaja ya maziwa yaliyochacha na udongo uliofukuliwa sasa hivi, na mashine ya kukatia karatasi, ambayo plagi yake ilikuwa imechomolewa, ikining'inia ukutani, ikaanza kupandisha na kushusha kisu chake, ikikata hewa tupu, huku mke wa mchapaji akisema kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kusikiwa, kwamba mtoto anasogea, lakini hasogei peke yake, kuna mkono mwingine humo ndani unampapasa, polepole, kama wa mtu anayechagua nyanya sokoni.

Mama yao aliteremka ghorofani kwa vishindo vile, miwani puani. Aliitazama kadi, hakuigusa.

"Picha hii ya harusi ya kaka yangu. Tulikuwa kumi na tisa, na majina yote nimeyaandika nyuma kwa mkono wangu. Mlangoni hapakuwa na mtu." Akawageukia. "Nani kamwita shangazi?"

"Mimi, mama," alinong'ona mchapaji.

"Jini hukaa mlangoni mwa watu miaka na miaka, asipokaribishwa haingii. Wewe umempa ukoo. Na wewe, Redio, umemfundisha cha kutaka."

Mchapaji alichukua kiberiti.

"Weka chini! Ukichoma kadi utamtolea wapi? Hadithi mmeianza, imalizeni. Na asicheke mtu."

Redio alilamba midomo. "Shangazi akaugua. Akafa."

Kadi iliinua ukingo, kama kope. "Wangu bado?"

Mke wa mchapaji alitoa mlio mfupi, akainama. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. Redio alimtazama wifi yake, akalitazama lile tumbo, kisha akasema haraka, kama anayeruka mtaro:

"Shangazi akabisha nyumba ya mwisho. Akafunguliwa na mtoto mkubwa, mwenye domo refu. Mtoto akamwambia, usihangaike tena, wako ni mimi. Shangazi akamkumbatia, akatua mzigo, akalala. Akafa."

Kadi ililala kifudifudi. Kisu cha mashine kilisimama juu.

"Umesema nini, wewe?" aliuliza mama.

"Nimemaliza hadithi."

Mtoto alizaliwa wiki tatu baadaye, wa kike, mzito, mzima. Mchezo haukuuzwa. Mama alizifunga kadi zote kwa karatasi, akaandika tarehe juu yake, akazifungia kabatini, mle chumba cha nyuma. Redio alirudi kwenye kazi yake ya kujalidi vitabu, ila sasa siku nzima iliweza kupita hajasema neno, na wateja walimsifu kwa utulivu.

Adhuhuri moja alikuwa na mama yake wakichambua maharage, ungo mmoja magotini mwao wawili. Ghafla akainua kichwa, akageukia chumba cha nyuma, uso umemlegea kama wa mtoto aliyesamehewa.

"Nakuja, mama," alisema, akainuka.

Mama yake alibaki na ungo. Hakuwa amemwita.