Kazija na Chai ya Mchaichai

Asubuhi nyumbani kwa Hamdan, huko Mtambile, kisiwani Pemba, ilianza kwa mlio wa kijiko. Bi Mwanakhamis, mama yake Hamdan, alikuwa akikoroga chai. Alitia sukari, akakoroga, akaonja, kisha akatia tena.

"Mama, sukari imetosha," alisema Kazija, mke wa Hamdan.

"Imetosha kwa nani? Kwa sisimizi?" alijibu Bi Mwanakhamis. "Chai bila ya sukari ni maji ya moto."

Kazija alicheka. Mama mkwe wake alikuwa mtu wa maneno, lakini moyo wake ulikuwa mwema. Muhogo ukiiva, kipande kizuri cha katikati alimwekea Kazija. Hakusema kitu. Alimwekea tu.

Baadaye mwaka huo Bi Mwanakhamis akaanza kuchoka upesi. Alikunywa maji mengi, na kiu haikwisha. Macho yakaingia ukungu. Akashindwa hata kusuka ukili wa mikeka, kazi aliyoipenda kuliko zote.

Kazija alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimpima damu, akamwambia ana ugonjwa wa kisukari. Akampa vidonge vya kumeza kila siku. Akamwambia atembee, apunguze wali na muhogo, na sukari ya chai aiache kabisa.

"Usipojitunza, ugonjwa huu huharibu macho na miguu," alisema muuguzi. "Ukijitunza, bibi, utasuka ukili mpaka uchoke mwenyewe."

Vidonge Bi Mwanakhamis alivikubali. Kutembea alikukubali. Sukari ndiyo iliyomshinda.

"Chai yangu jamani!" alilalamika walipokuwa wakirudi. "Mie mtu mzima, nimebakiwa na starehe gani nyengine?"

Kazija alimwonea huruma. Tangu utotoni alipenda miti na majani yenye harufu nzuri. Alitamani siku moja awe tabibu wa miti shamba, kama Bi Asya wa mtaa wa pili. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kichaka cha mchaichai.

"Nitampikia mama chai ya majani," alisema moyoni. "Iwe nzuri mpaka asahau sukari."

Siku ya pili alikata mchaichai mwingi. Hamdan alimkuta ukumbini, majani yamemjaa mapajani.

"Unafanya nini, tabibu?" alimtania.

"Nataka kuyakausha, yakae."

"Kukausha? Hiyo kazi yangu!" alisema Hamdan kwa furaha. "Nani Mtambile asiyezijua karafuu zangu? Ukiivunja moja tu, inasema ta! Niachie mie."

Hamdan alitoa jamvi la kuanikia karafuu. Akalikung'uta vizuri, kwa sababu kazi ilikuwa ya mama yake. Akaliweka uwanjani, palipo na jua kali kabisa. Akatandaza majani, akawa anayageuza mara kwa mara, jasho linamtoka. Hakwenda barazani kuzungumza na wenzake. Alikaa na majani ya mkewe mpaka yakakauka kau, yakawa na rangi ya makuti ya zamani.

Kazija aliyatia kwenye sufuria, akayachemsha kwa muda mrefu. Kisha akamtilia mama mkwe wake kikombe kimoja, na Hamdan kimoja.

Bi Mwanakhamis alipiga funda. Akatazama juu, akatazama chini.

"Kazija, mwanangu," alisema polepole, "hii ni chai, au ni maji mliyooshea jamvi?"

Hamdan naye alionja. Alitaka kumsifu mkewe, akatafuta neno.

"Ina... ina joto zuri," alisema.

Wote watatu wakacheka mpaka Bi Mwanakhamis akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Lakini Kazija alipokuwa akiosha vikombe peke yake, hakuwa na kicheko tena.

Baada ya siku chache alikutana na jirani yao Petronila. Petronila alikuwa mwalimu wa skuli, ametoka bara na mumewe, na watu walimpenda kwa ukarimu wake.

"Dada Kazija, mama yako siku hizi ananipenda kweli!" alisema Petronila. "Kila asubuhi yuko kwangu. Anasema, 'Mwalimu, chai yako haina mfano. Ongeza sukari kidogo.' Basi mimi naongeza."

Kazija alimsogelea.

"Mwalimu, mama ana kisukari."

"Yesu wangu!" Petronila alishika kichwa. "Mbona hakuniambia? Kumbe namdhuru bibi wa watu! Kesho akija nitampa maji."

"Mpe kwa upole, mwalimu. Usimwaibishe."

"Nitamwambia sukari imeniishia. Nitaificha hata mume wangu asiione."

Kazija alishukuru. Lakini alijua kuwa kuficha sukari hakutoshi. Mama alihitaji kitu cha kukipenda. Basi akafunga fungu la majani yake makavu, akaenda kwa Bi Asya.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Pita ndani."

"Shikamoo, Bi Asya."

"Marahaba. Umekuja na nini hicho? Nyasi za mbuzi?"

"Mchaichai, Bi Asya."

Bi Asya alichukua majani, akayanusa. Akanusa tena. Halafu akaanza kucheka, mabega yakimtikisika.

"Haya yamekaushwa na Hamdan."

"Umejuaje?"

"Yananuka jamvi la karafuu! Maskini, mumeo kafanya kazi kwa nguvu zote. Usimgombeze."

"Simgombezi. Lakini kosa letu ni lipi?"

Bi Asya alichukua karafuu moja kutoka kwenye kikopo.

"Tazama. Karafuu ni ngumu. Harufu yake imefungwa ndani. Hiyo ndiyo inataka jua kali, ikauke upesi isipauke. Jani ni jembamba. Harufu yake iko karibu kabisa. Jua likilipiga, harufu inakwenda zake, na rangi pia. Sisi Wapemba tumezoea karafuu, basi kila kitu tunakianika kama karafuu."

"Basi jani likaushwe vipi?"

"Kivulini, penye upepo. Lichume asubuhi, umande ukishakauka. Usichume kando ya barabara, kuna vumbi na moshi wa magari. Lioshe, ulikung'ute maji, ulikatekate. Litandaze jembamba juu ya ungo safi usio na harufu ya kitu chengine. Ligeuze kila siku. Likivunjika mkononi, limekauka. Hapo litie kwenye chupa kavu yenye kifuniko, uweke mbali na jua. Likiwa bichi ndani litaota ukungu, na jani lenye ukungu ni la kutupa."

"Na kupika?"

"Usilichemshe kama kisamvu! Chemsha maji, uyamimine juu ya majani, ufunike. Ule mvuke unaopanda ndiyo harufu yenyewe. Usiuache ukimbie. Subiri kidogo, kisha chuja. Ukitaka, ponda na punje ya iliki."

Kazija alisikiliza kwa makini. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni mwake.

"Bi Asya, nataka kuwa tabibu kama wewe. Nifundishe miti yote."

"Yote hata mie siijui," alisema Bi Asya. Akamsogezea Kazija mto akae vizuri. "Anza na mti mmoja. Ujue unaota wapi, unachumwa lini, unamfaa nani na haumfai nani. Jani usilolijua kwa yakini usimpe mtu. Majani hufanana, na mengine ni sumu. Mtu akija kwako, muulize kwanza. Ana mimba? Ananyonyesha? Anatumia dawa za hospitali? Kuna majani yanagombana na dawa."

"Nimeelewa."

"Na hili ulishike. Chai ya majani humburudisha mtu. Humtuliza. Humpa kinywaji kizuri kisicho na sukari. Haichukui nafasi ya dawa ya hospitali. Anayetaka kutibu watu hujiandikisha serikalini, kama mie. Wewe sasa hivi ni mpika chai. Usione aibu. Mpika chai mzuri ni mtu wa maana."

Kazija alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani. Hamdan alipoambiwa habari ya jua, alishika kiuno.

"Yaani mchaichai hautaki jua langu?"

"Hautaki, bwana. Unataka kivuli na upepo."

"Basi mti huo una maringo kama wewe," alisema. Akaenda kumfungia kamba ukumbini, ili ungo uning'inie pasipofikiwa na kuku.

Mchaichai ukakauka kivulini, ukabaki na rangi ya kijani. Asubuhi moja Kazija alimimina maji ya moto juu ya majani na iliki, akafunika. Alipofunua, harufu ilijaa nyumba nzima. Bi Mwanakhamis alitoka chumbani.

"Nani kajitia marashi asubuhi yote hii?"

"Hakuna aliyejitia marashi, mama. Ni chai."

Bi Mwanakhamis alikaa. Akainusa. Akapiga funda, kisha jengine. Kazija alisimama mlangoni.

"Mbona umesimama kama askari?" alisema Bi Mwanakhamis. "Nitilie tena."

Neno sukari hakulitaja.

Tangu siku hiyo aliacha kwenda kwa Petronila kutafuta chai. Petronila ndiye aliyekuja kwake. Wawili hao walikunywa mchaichai, wakatembea pamoja mpaka madukani na kurudi. Macho ya Bi Mwanakhamis yakapungua ukungu. Akashika ukili tena.

Msimu wa karafuu ulipofika, wanawake wa jirani walikusanyika alasiri uwanjani kwa Hamdan. Walikuwa wakichambua karafuu, kuzitenga na makonyo, vile vijiti vyake. Kazija aliwapitishia chai. Sifa zikawa nyingi. Kisha Bi Mwanakhamis akapaza sauti.

"Jamani, sikilizeni! Mkwe wangu ni tabibu! Kanitibu kisukari kwa majani haya haya. Mie vidonge nimeshavitupa, sina haja navyo!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akasema, "Basi na mie niletee! Nimechoka na vidonge vyangu vya presha."

Kazija alisimama na birika mkononi. Sifa aliyoitamani tangu utotoni ilikuwa mbele yake. Angeweza kutabasamu tu, ikawa yake. Lakini alivikumbuka vile vidonge vilivyotupwa. Aliliweka birika chini.

"Mama," alisema, "chai yangu haikukutibu."

Vigelegele vikakatika.

"Umepata nafuu kwa vidonge, kwa kutembea, na kwa kuacha sukari. Chai imekusaidia kuiacha hiyo sukari. Basi. Kisukari haitibu, na presha haitibu. Tafadhalini, asiache mtu dawa yake kwa ajili ya chai yangu."

Bi Mwanakhamis alikunja uso. "Unaniaibisha mbele za watu, Kazija? Nami nakusifu?"

Kazija alipiga magoti karibu naye, akamshika mkono.

"Nisamehe, mama. Heri ukasirike nami leo, kuliko macho yako yaharibike. Nataka unione mpaka nizeeke."

Bi Mwanakhamis akamwinua.

"Haya. Nipeleke kwa huyo muuguzi wako. Lakini wewe ndiye utakayebeba mkoba wangu."

Walikwenda asubuhi yake. Muuguzi alimpima, akatikisa kichwa. Sukari ilikuwa imepanda tena.

"Umewahi, bibi," alisema. "Ungekaa hivi muda mrefu, tungekuwa na mazungumzo mengine. Rudia vidonge vyako leo leo. Ukiona umepona, usiviache. Njoo kwanza tupime, tuzungumze."

"Na chai ya mkwe wangu?" aliuliza Bi Mwanakhamis.

Muuguzi alimuuliza Kazija ametia nini ndani, na mama hunywa kiasi gani. Kazija akamweleza yote.

"Anywe, kwa kiasi, bila ya sukari," alisema muuguzi. "Ikibadilika, mkitia jani jengine, mniambie."

Habari zilimfika Bi Asya. Hakumsifu Kazija kwa maneno mengi. Alimletea mche wa mrehani kwenye kopo, akamwonesha pa kuupanda. Tangu hapo Kazija alikwenda kwake kila wiki kujifunza.

Karafuu zikaisha, mvua zikaja, mvua zikaondoka. Siku ya kupima ilipofika, kituo cha afya kilikuwa kimejaa watu. Bi Mwanakhamis aliingia ndani, akatoka akiwa amenyanyua uso.

"Sukari imeshuka mahali pake!" aliwatangazia watu wote waliokaa kwenye benchi. "Vidonge nameza, miguu natembea, na chai nakunywa ya huyu mkwe wangu. Mnaotaka chai, mwambieni. Lakini jitayarisheni. Anauliza maswali kuliko polisi!"

Watu wakacheka. Mama mmoja, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na kadi yake mkononi, aliinua kidole kwa haya.

"Mie naitaka hiyo chai," alisema.

Kazija alikwenda akakaa karibu naye. Alimsalimia, akamuuliza habari za watoto na za nyumbani. Kisha akauliza kwa upole:

"Niambie, bibi, unatumia dawa gani za hospitali?"

"Si niliwaambia!" alisema Bi Mwanakhamis, na benchi zima likaangua kicheko.