Doa la Kona ya Chini

Duka la picha lilifurika watu wa picha za pasipoti siku kijana yule alipoingia, shati la bluu limepigwa pasi upande mmoja. Akapaza sauti juu ya vichwa vya watu: "Dada, mnachapa nyota?"

Watu wakacheka. Binti aliyekaa kwenye kompyuta, kazi yake kufuta chunusi na makunyanzi ya wateja, hakucheka. "Lete. Nyota hazina chunusi, utanipumzisha."

Kijana alifanya kazi kwenye kituo cha darubini. Kila Ijumaa akarudi na picha, na kabla miezi mitatu haijakwisha wakawa wanaitana Nyota na Fundi.

Ijumaa moja, alipokwisha kuichukua picha yake, akapiga simu.

"Fundi, umefanya nini kwenye picha? Imekuwa safi mno."

"Nimeisafisha tu, mpenzi. Kona ya chini kulikuwa na doa, nikalifuta."

Simu ikakatika.

Binti akapiga yeye. Haikupokelewa. Siku tatu, simu tisa. Binti akachanganyikiwa: mtu mzima humsusa mpenzi wake kwa ajili ya uchafu? Au alikuwa akitafuta sababu? Akaifungua nakala ya kwanza ya picha ile, ambayo hakuisafisha, akalikuza doa. Halikuwa vumbi. Lilikuwa limejikunja, mikono miwili ikizunguka kama maji yanayoteremka kwenye tundu la sinki. Akalitazama mpaka chai ikapoa, asielewe kitu.

Siku ya nne kijana akaja, macho mekundu, shati lile lile.

"Fundi wangu, lile doa ni galaksi. Mji mzima wa nyota, mbali kupita akili. Tumepekua orodha zote, haimo hata kwenye moja."

"Siku tatu hushiki simu! Nikajua umeniacha."

"Niliogopa kukwambia, halafu iwe vumbi kweli. Nisamehe. Picha hiyo nimeitazama miaka miwili, sikuona kitu. Sasa fomu ya kusajili ugunduzi inauliza nani aliyeiona kwanza. Nipe jina lako kamili."

"Mimi? Mimi niliifuta!"

"Mtu hafuti asichokiona."

Binti hakujua acheke au amrushie kalamu.

"Na shangazi yangu yuko hapo nje," kijana akasema, akiangalia viatu vyake. "Anauliza kwenu ni wapi."

"Leo? Na mimi nimevaa hivi?" Akaivua aproni yenye madoa ya wino, akaivaa tena, akaivua. "Mwite aingie. Lakini asiniulize habari za nyota, sijaelewa hata moja."