Mgongo wa Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja asiyoipenda: kumpelekea baba chai. Kuchemsha maji hakukumsumbua, wala kukata mkate. Kilichomtisha ni chumba chenyewe. Pazia lilikuwa halifunguliwi, hewa imeganda, na baba amelala ameuelekea ukuta.

"Baba, chai hii hapa."

Kimya.

"Leo tuna mtihani wa hesabu. Mwalimu amesema atakayefeli atafagia darasa mpaka aote ndevu. Na mimi ni msichana, baba!"

Zamani baba angecheka. Hata jina la Chiriku alimpa yeye, kwa sababu mtoto huyo alianza kusema mapema na hakunyamaza tena. Siku hizi Chiriku alisema peke yake, akaweka kikombe juu ya stuli, akatoka. Jioni angekikuta palepale, chai imefanya utando.

Baba alikuwa fundi umeme. Siku moja yeye na rafiki yake wa kazini walitumwa kutengeneza waya kwenye nguzo. Baba ndiye aliyesema, "Panda, umeme umekatwa." Kumbe kuna mtu aliyeuwasha upande wa pili bila kuuliza. Rafiki yake alikufa papo hapo. Uchunguzi ulionyesha kwamba baba hakuwa na kosa, lakini maneno hayo hayakumwingia. Baada ya mazishi alirudi kazini kwa muda mfupi, kisha akawa haendi, kisha akawa haamki.

"Watu wakikuuliza, sema baba anaumwa mgongo," dada yake mkubwa alimwagiza Chiriku. "Wakijua ukweli watasema amerukwa na akili, na midomo ya watu haina kufuli."

Basi Chiriku akasema mgongo. Kwa majirani, mgongo. Kwa mwalimu wa darasa, mgongo. Mwenye duka alimpa dawa ya kuchua, naye akashukuru kwa adabu na kuitupa uvunguni mwa kitanda.

Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa amehitimu shahada ya kwanza na alikuwa akifundisha shule ya msingi. Sasa alikuwa ameomba kujiunga na chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili katika saikolojia, ili awe mtaalamu wa kuwatibu watu walioumia moyoni na akilini. Chuo kilitaka vyeti, barua za walimu wake wa zamani, na insha ya kueleza kwa nini aliitaka kazi hiyo. Insha ndiyo iliyomtoa jasho. Aliandika, akafuta, akaandika tena. "Wanataka nijieleze mimi," alilalamika, "kana kwamba mgonjwa ni mimi!" Mwishowe aliituma, akaanza kungoja kuitwa kwenye usaili.

Simu ililia siku ya Jumamosi, dada akiwa bafuni. Chiriku akaipokea.

"Mwambie dada yako aje chuoni Alhamisi asubuhi kwa usaili," alisema karani wa chuo. "Asikose. Waombaji ni wengi, nafasi ni chache."

"Sawa, nitamwambia."

Alikusudia kweli kumwambia. Kisha akautazama mlango wa chumba cha baba. Chuo kilikuwa mji mwingine. Dada akikubaliwa, angehamia huko. Na yeye je, abaki na nani? Na ule ukimya?

Dada alitoka akijifuta nywele. "Nani alipiga?"

"Wamekosea namba," Chiriku alijibu, na namba yenyewe alikuwa ameshaifuta. Alishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini. Kumbe alikuwa ameuzoea.

Alhamisi ikaja, ikapita. Dada alikuwa akiitazama simu yake kama mwindaji anayekagua mtego mtupu. Siku chache baadaye mwalimu mwenzake, aliyeomba chuo hichohicho, alimwambia kwamba usaili ulikuwa unakaribia kuisha, na yeye alikwisha kwenda. Dada hakulia. Alirudi nyumbani, akajitupa kitandani na viatu vyake. Chiriku alipokwenda kumwita wale, alimkuta ameuelekea ukuta.

Sasa walikuwa wawili.

"Dada! Walikuita! Walipiga simu, mimi nikapokea, nikakudanganya. Niliogopa utaniacha na baba."

Dada aligeuka polepole. Chiriku alijikunyata akingoja kofi. Kofi halikuja. Dada alimtazama tu, kama mtu anayemtazama mgeni, na hilo lilimuuma kuliko kofi.

"Kesho tunakwenda chuoni," alisema. "Utayasema hayo mbele yao kwa mdomo wako mwenyewe."

Asubuhi walimwomba jirani yao, mama mshonaji, awe anamchungulia baba. "Mgongo umemzidi," dada alimweleza.

Chuoni, vijana waliovaa nadhifu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki ukumbini, kila mmoja na faili lake mapajani. Karani alitikisa kichwa. "Siku yako ilishapita, dada. Maji yakimwagika hayazoleki."

Mkuu wa idara, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwasikia akatoka ofisini kwake. Chiriku akamsimulia yote, machozi yakimtiririka. Yule mama hakumkatiza. Alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Uliogopa kubaki na nani, mwanangu?"

"Baba yetu anaumwa mgongo," dada aliwahi kujibu.

"Siyo mgongo," Chiriku alisema. "Hali, haamki, hasemi. Siku moja nilimsikia akisema afadhali angekufa yeye."

Dada aliuficha uso wake kwa viganja.

"Amewahi kukwambia hivyo na wewe?" mkuu wa idara alimuuliza dada.

"Ndiyo, mama. Si mara moja."

"Nani anamtibu?"

"Hakuna. Ndiyo maana nataka kusoma. Nikihitimu nitamtibu mwenyewe."

"Kinyozi hajinyoi," yule mama alisema kwa upole. "Mama yangu alipougua hivyo, nilimpeleka kwa mwenzangu, pamoja na usomi wangu wote. Halafu masomo haya ni ya miaka. Mtu anayesema maneno kama ya baba yako hangojwi miaka. Hangojwi hata wiki." Akaivaa miwani yake, akatazama ratiba. "Leo mchana ni kikao cha mwisho cha usaili. Naweza kukuweka mwisho wa foleni. Uamuzi ni wako."

Dada aliutazama mlango wa chumba cha usaili. Kisha akamshika Chiriku mkono.

"Twende nyumbani," alisema.

Mkuu wa idara alimpigia simu daktari aliyemfahamu katika hospitali ya mji wao, awapokee siku hiyohiyo.

Walipofika, kitanda cha baba kilikuwa kitupu. Chiriku alipiga ukelele. Dada alizunguka kitanda mbio, akamkuta baba ameketi sakafuni, magoti kifuani, akitetemeka.

"Nimechoka, wanangu," alisema.

"Tunajua, baba. Twende hospitali."

Mama mshonaji alikuja mbio aliposikia ukelele. "Ni mgongo?"

"Hapana, mama," dada alijibu. "Ni huzuni. Tulikudanganya."

"Kwani ningewala? Ningekuja kukaa naye!" Akamshika baba mkono wa pili, wakamwinua.

Baba alilazwa. Alipewa dawa, na mshauri wa hospitali akawa anazungumza naye. Hakupona kwa haraka. Aliporudi nyumbani kulikuwa na siku alizofungua pazia mwenyewe, na siku alizorudi ukutani. Dada naye aliupoteza mwaka ule. Mwalimu mwenzake alikwenda chuoni; yeye akabaki kusahihisha madaftari, na mara nyingine Chiriku, akimsikia akishusha pumzi, hakujua pa kuuficha uso wake.

Mwaka uliofuata dada aliomba tena. Alikwenda kwenye usaili, akakubaliwa. Baba alikuwa ameanza kutengeneza pasi na redio za majirani, na mama mshonaji aliahidi kulala kwao kila itakapohitajika.

Siku dada alipokuwa akifunga mizigo, baba alimwita Chiriku akae karibu naye.

"Nilikuwa nawasikia mkisema mgongo," alisema. "Nikanyamaza kwa aibu. Basi uongo ule ulikuwa wetu sote watatu, na wewe mdogo ndiye tuliyekutwika. Utusamehe. Lakini ule wa simu ulikuwa wako, na mwaka wa dada yako haurudi."

"Najua, baba."

"Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kilinikaribia. Ukiogopa, mwanangu, sema. Ukiumia, sema, hata kama sauti inatetemeka, maana mtu hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua. Rafiki yangu hatarudi, na zipo siku ambazo bado naumia sana. Lakini sasa nikiumia, nasema."